Lapsenne, kotini, vaimoaan: jinsi Kifini kinavyobandika "yangu" na "yako" mkiani mwa neno

Kuna karatasi ilibandikwa chekechea kwa mwanangu, pale juu ya sehemu wanapotundika makoti, ilikuwa mwezi wa kumi maana zilishaanza zile mvua za kunyesha siku nzima na kila mtoto ana suruali ya mvua ya rangi ileile. Mstari mmoja tu: Muistattehan nimikoida lapsenne vaatteet. Nikaipiga picha, nikafika nyumbani nikafungua kamusi. Muistaa nikaipata, kukumbuka. Nimikoida nikaipata, kuandika jina kwenye kitu. Vaatteet ni nguo. Lapsenne sikuipata, nikajaribu kukata herufi moja moja kutoka mwisho, wapi. Kwenye kamusi kuna lapsi, yaani mtoto, neno ambalo nalijua tangu wiki ya kwanza nimefika, ila lilivyokuwa limevaa siku ile sikulitambua.

Sasa haya naandika kwa Waswahili wenzangu mlioko Ufini, iwe mmetokea Dar, Mombasa, Goma au Bujumbura, na kwa yeyote anayependa kujua lugha za watu zinafanyaje kazi. Nataka tukifungue hiki kitu kimoja tu, jinsi Kifini kinavyosema yangu, yako, yake. Wenyewe wanakiita omistusliite, omistus ni umiliki na liite ni kiambatisho. Wengi wanakiogopa wakidhani kuna maumbo mia, hapana, maumbo ni matano unayakariri kabla chai haijapoa. Kazi iko kwingine: hicho kiambatisho kikishakaa mwishoni mwa neno kinameza vilivyokuwa pale kabla yake, afu wewe msomaji inabidi uende kuviulizia kwa majirani. Ukilielewa hilo moja mengine yote yanajipanga.

Matano yenyewe ni haya, -ni ni yangu, -si ni yako, -nsa au -nsä ni yake na pia yao, -mme ni yetu, -nne ni yenu. Nyumba ni talo, kwa hiyo taloni, talosi, talonsa, talomme, talonne. Hiyo -nsa inageuka -nsä kufuata vokali za neno, penye a, o, u unaweka -nsa, na penye ä, ö, y au neno likiwa na e na i tupu unaweka -nsä, kwa hiyo talonsa ila äitinsä, mama yake. Na zile m mbili na n mbili za -mme na -nne zitamke zote mbili kwelikweli, sikio la Mfini linazingoja.

Hapa Mswahili kapumzishwa kitu kikubwa. Sisi umiliki unafuata ngeli ya kile kinachomilikiwa, nyumba yangu, kitabu changu, gari langu, mtoto wangu, ukikosea watu wanakuangalia. Kifini hakina ngeli. Mke, ng'ombe, deni, jina, vyote -ni moja: vaimoni, lehmäni, velkani, nimeni. Na kwenye yake hakuna mwanamume wala mwanamke, hän ni yeye kama yeye yetu, hilo linawatesa wenzetu waliokulia kwenye Kiingereza au Kifaransa ila sisi tumezaliwa nalo.

Ila kuna mtego mmoja wa kwetu peke yetu na nimeona watu wengi wananasa, hiyo -ni. Kwetu -ni mwishoni mwa nomino ni mahali, nyumbani, mezani, shuleni, kichwa kimeshazoea miaka yote. Ukiona taloni ubongo unakimbilia "ndani ya talo" kabla hujaukataza. Na mbaya zaidi kuna neno koti, ambalo kwa Kifini ni nyumbani kwa mtu, pale anapoishi, sasa ukikutana na kotini ukiwa umechoka unasoma "ndani ya koti", kumbe mwenzio kaandika "kwangu, makazi yangu". Dawa yake ni kujizoesha kuisoma -ni ya Kifini kama ule mkia wa mwanangu. Mwanangu, -ngu. Lapseni, -ni. Hivyo tu.

Na hapo ndo nataka tusimame kidogo kwa sababu watu husema hiki kitu hakina mfano kwetu, si kweli kabisa. Kwa Kiswahili ukisema mwanangu, mkeo, mumewe, mwenzetu, nduguze, unafanya nini? Umechukua wako ukaikata kichwa ukaibandika kwenye mke ikawa mkeo. Kwenye tenzi za zamani wanaenda mbali zaidi, utakuta jinale kwa jina lake. Sisi tumeibakiza kwa ndugu, jamaa na wenzetu, kwa watu wa karibu. Mfini anaifanya kwa kila nomino iliyopo duniani, sufuria, tiketi ya basi, kodi ya mapato, wasiwasi, kila kitu. Kwa hiyo ukitaka kuonja Kifini kinavyosikika ndani ya kichwa cha Mfini, wazia lugha ambayo kila neno lina tabia ya mwanangu na mumewe.

Tuje kwenye mpangilio. Kifini hakina "kwenye" wala "kutoka" za kukaa mbele ya nomino kama zetu, mambo hayo yanakaa mwishoni mwa neno pia, kuna maumbo 15 ya namna hiyo ila kwa leo tuchukue matatu: talossa ni ndani ya nyumba, talosta ni kutoka ndani ya nyumba, taloon ni kuingia ndani ya nyumba. Umiliki unakuja baada ya hayo. Talossani, ndani ya nyumba yangu. Talostani, kutoka nyumbani mwangu. Na baada ya umiliki bado kuna nafasi ya -kin ambayo ni "pia", kwa hiyo taloissanikin ni "hata ndani ya nyumba zangu pia", ambapo ile i ya katikati ndo wingi. Nyumba, wingi, ndani, yangu, pia. Kila kipande na kiti chake, hakuna anayekaa kiti cha mwenzie.

Sisi tunafanya mchezo huohuo ila kwenye kitenzi na kwa kuanzia mbele, ni-ta-wa-pik-i-a. Kuna historia hapa ambayo mimi huwa naipenda sana. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu ya jinsi kompyuta inavyoweza kutambua maneno ya Kifini kwa kuyapasua vipande, na njia hiyo baadaye Arvi Hurskainen, wa Helsinki hukohuko, akaitumia kutengeneza programu ya kupasua maneno ya Kiswahili. Yaani kisu kilichonolewa kwa ajili ya taloissanikin ndo kikaja kukata nitawapikia. Si ajabu ukijua hizi lugha mbili zote zinajenga neno kwa kuunganisha vipande, ingawa hazina undugu wowote wa damu.

Wale wenye undugu wa damu na Kifini si lazima wafuate mpangilio huohuo. Kihungari kinasema házamban, ndani ya nyumba yangu, ila ukikipasua ni nyumba, yangu, ndani. Mfini anasema nyumba, ndani, yangu. Ukoo mmoja, foleni tofauti.

Haya, sasa kumeza. Kiishio cha "-a ya kumiliki", yaani "cha nyumba, la nyumba", kwa Kifini ni -n: talo, talon. Talon katto, paa la nyumba. Kiishio cha wingi kwenye neno lililosimama lenyewe ni -t: talot, nyumba nyingi. Sasa bandika -ni. Talon na -ni inakuwa... taloni. Talot na -ni inakuwa... taloni. Na talo yenyewe bila kitu ukiiwekea -ni, taloni. Hiyo n na hiyo t zimemezwa hazionekani tena. Matokeo yake neno moja taloni linaweza kuwa nyumba yangu, linaweza kuwa ya nyumba yangu, linaweza kuwa nyumba yangu uliyoiuza ikiwa ni kitendwa cha sentensi, na linaweza kuwa nyumba zangu. Hapa ndo pale wanafunzi wanapokata tamaa, nimewaona, mtu anauliza sasa nitajuaje?

Utajua kama unavyojua kwa Kiswahili. Neno nyumba kwetu ni moja au ni nyingi? Lenyewe halisemi. Nyumba yangu imebomoka, nyumba zangu zimebomoka, aliyesema ni yangu na zangu na kile kitenzi, nyumba imekaa kimya. Sisi kimya kiko kwenye nomino na umiliki ndo unasema. Wafini wamegeuza, umiliki ndo unanyamazisha nomino, na wanaosema ni wengine waliobaki: Taloni on vanha, nyumba yangu ni ya zamani. Taloni ovat vanhoja, nyumba zangu ni za zamani. On na ovat ndo zimetoa siri. Na kivumishi kikiwepo ndo bora zaidi kwa sababu kivumishi hakivai umiliki hata siku moja, kwa hiyo mkia wake unabaki mzima: uusi taloni ni nyumba yangu mpya, uuden taloni katto ni paa la nyumba yangu mpya, uudet taloni ni nyumba zangu mpya. Ile -n na ile -t zilizomezwa kwa taloni ziko palepale kwa jirani.

Turudi kwenye karatasi ya chekechea. Lapsi ni neno lenye shina linalobadilika, ukitaka kulibandika kitu linakuwa lapse-. Lapsen vaatteet, nguo za mtoto. Weka -nne ya yenu, -n inamezwa: lapsenne vaatteet, nguo za mtoto wenu. Kama ingekuwa watoto wawili wa nyumba moja wangeandika lastenne, maana wingi wa "za watoto" ni lasten na huo una shina lake ambalo halimezwi. Kwa hiyo hiyo karatasi ilikuwa inaongea na kila familia ikihesabu mtoto mmoja mmoja. Kumbukeni kuandika jina kwenye nguo za mtoto wenu. Ila kuna sentensi ambazo majirani nao wananyamaza, mtu akikuambia Hain lapsenne, inaweza kuwa nimemchukua mtoto wenu au nimewachukua watoto wenu, hapo hata Mfini mwenyewe anategemea anajua una watoto wangapi.

Kabla hatujaacha maumbo, kuna tabia moja ya konsonanti ambayo inawaponza hata watu wanaoongea vizuri. Kifini kina desturi ya kulainisha k, p, t silabi ikifungwa na konsonanti, ndo maana koti inakuwa kodin, t imekuwa d. Kodin katto, paa la nyumbani. Ungetegemea ukisema la kwangu iwe kodini. Hapana. Ni kotini, t inarudi ngumu kama ilivyokuwa, kotini katto. Na kotimme, kwetu, ingawa hiyo m mbili imefunga silabi kabisa bado t ni ngumu. Vilevile katu, mtaa, kadun kisha katuni, poika, kijana wa kiume, pojan kisha poikani. Ila kiishio cha mahali kikikaa katikati ulaini unabaki: kodissani, kadullani. Mimi nilivyoliweka kichwani ni hivi, umiliki ukigusana na shina moja kwa moja shina linabaki gumu, kukiwa na mtu katikati yeye ndo anaamua. Na sikiliza tofauti ya kotini na kotiini, i moja na i mbili, ya kwanza ni kwangu, ya pili ni kuja kwangu. Tervetuloa kotiini, karibu kwangu.

Sasa sehemu ambayo kwa maoni yangu Kifini kinatushinda wazi kabisa. Chukua sentensi ya Kiswahili, Juma anampenda mkewe. Mke wa nani? Tunadhania wa Juma, lakini kama jana tulikuwa tunamwongelea Hamisi basi umbea umeshaanza, na ugomvi wa kweli umewahi kutokea kwa sentensi kama hiyo. Kifini kimelifunga hilo. Pekka rakastaa vaimoaan, Pekka anampenda mkewe, wa kwake mwenyewe, hakuna mjadala. Pekka rakastaa hänen vaimoaan, Pekka anampenda mke wa mtu mwingine. Tofauti ni hiyo hänen tu. Kanuni ni kwamba mwenye mali akiwa ndo mtenda wa sentensi, nafsi ya tatu inabaki na kiambatisho peke yake, ukiongeza hänen umeshatoka nje ya mtenda umeenda kwa mtu mwingine. Mwanafunzi anayeweka hänen kila mahali kwa kudhani anakuwa sahihi zaidi anaweza kuandika kwenye barua kwamba Pekka anaishi na mke wa mtu.

Kwa yangu na yako hakuna hatari hiyo. Minun taloni au taloni peke yake, zote sawa, minun unaiweka ukitaka kukaza, nyumba yangu mimi, si ya mwingine.

Mtaona hiyo vaimoaan haina -nsa. Nafsi ya tatu ina sura ya pili, baada ya viishio vinavyoishia na vokali unaweza kurefusha ile vokali na kuweka n: talossansa ni sahihi, talossaan ni sahihi na ndo utakayoikuta mara nyingi zaidi. Ila paka ni kissa na kitendwa chake kinaishia tayari na a mbili, kissaa, ukirefusha tena zitakuwa tatu na Kifini hakiandiki vokali tatu zinazofanana mfululizo, kwa hiyo hapo ni kissaansa tu.

Mwenye mali akiwa na jina lake au akiwa nomino, kiambatisho hakiji kabisa. Pekan talo, nyumba ya Pekka. Opettajan auto, gari la mwalimu. Mwenye mali anatangulia na anabeba -n, mali inakuja nyuma imevaa kawaida. Sisi tunaoandika mtandaoni "mwalimu gari yake imeharibika" tunavutwa kuandika opettajan autonsa na hilo ni kosa, la kutoka kwetu kabisa, liogope. Na mnyama au kitu kikiitwa se badala ya hän, umiliki wake ni sen bila mkia: sen väri, rangi yake.

Haya yote niliyosema ni Kifini cha kuandika. Ukitoka nje, ukapanda basi, ukasikiliza watoto, karibu yote yanayeyuka. Kwenye mazungumzo watu wanasema mun lapsi, sun lapsi, sen lapsi, meiän lapsi, teiän lapsi. Minun imefupishwa mun, sinun imekuwa sun, na kiambatisho kimeachwa. Mwalimu wa chekechea aliyebandika lapsenne ukutani, ukisimama naye mlangoni anakuuliza missä sun lapsen hanskat on, glavu za mtoto wako ziko wapi. Ni mtu mmoja, siku moja, na hakosei popote. Na mnaona kilichotokea? Kiambatisho kimeondoka, ile -n ya lapsen imerudi hai. Mun lapset, watoto wangu, -t nayo imerudi. Mun kodin katto, hata ule ulaini wa d umerudi. Katika kuongea "yangu" imehamia mbele na ikaiachia nomino mkia wake, na kwa sababu hiyo mimi nakataa wanaosema Kifini cha mtaani ni kizembe, kimebadilishana tu, kimetoa mkia wa umiliki kikapata uwazi wa umoja na wingi. Utawasikia pia wengine wanaokata -si ikabaki s, avaimes kwa avaimesi, funguo zako.

Kilichobaki imara hata mdomoni ni nafsi ya tatu ile ya kujirudia, na ndo mantiki maana ndo inayofanya kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, na pia meidän bila mkia kwa maana ya kwetu, sisi wa nyumba hii au kijiji hiki, meidän kylä, kijiji chetu, hata kwenye maandishi haikutoi makosa. Ila ukiwa unaandika barua ya kazi au unafanya ule mtihani wa lugha wa YKI, ambao wengi tunaufanya kutafuta ngazi ya 3 kwa ajili ya uraia, usiandike minun lapsi. Ni minun lapseni au lapseni.

Waestonia ng'ambo ya bahari wamemaliza safari hiyo ambayo Wafini wako nusu njia, lugha yao ni ndugu wa karibu sana lakini kwenye maandishi yao ya kawaida viambatisho hivi vimeondoka. Ushahidi mzuri kuliko wote unaimbwa. Wimbo wa taifa wa Ufini na wa Estonia vina muziki mmoja, wa Fredrik Pacius, ulioimbwa kwanza Helsinki mwaka 1848. Wa Ufini unaitwa Maamme. Pasua: maa ni nchi, -mme ni yetu. Nchi yetu, neno moja. Wa Estonia unaanza Mu isamaa, mu imesimama peke yake mbele, nchi ya baba yangu. Noti zilezile, ila kwa Wafini umiliki umeshonwa kwenye nchi na kwa Waestonia umekaa kando. Mashairi ya Ufini yaliandikwa kwanza na Runeberg kwa Kiswidi, ambako ni maneno mawili, yalipoingia kwenye Kifini ndo yakawa moja.

Na kama wewe ni Mkristo una darasa zima tayari kichwani. Ile sala ya Baba Yetu kwa Kifini inaitwa Isä meidän. Isä ni baba, meidän ni yetu, afu angalia mpangilio, baba kwanza yetu baadaye, kama yetu kabisa, na hakuna -mme. Ni umbo la zamani lililofuata maneno ya Kiswidi na Kilatini, limebaki hivyo kwenye midomo ya watu tangu enzi za Mikael Agricola, ambaye kitabu chake cha alfabeti cha 1543 ndo kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kifini na sala hii imo ndani. Ukiendelea mbele sala inarudi kwenye kanuni: sinun nimesi, jina lako. Sinun valtakuntasi, ufalme wako. Sinun tahtosi, mapenzi yako. Jina, ufalme, mapenzi, sisi tumebadilisha lako, wako, yako, wao ni -si, -si, -si. Halafu meidän jokapäiväinen leipämme, mkate wetu wa kila siku, na hapo meidän na -mme zote zipo na kivumishi kimekaa katikati bila mkia. Mimi nilipoisikia kanisani mara ya kwanza baada ya kujifunza hivi viambatisho nilihisi kama mtu kafungua dirisha, nilikuwa nazisikia zile -si zikija moja baada ya nyingine.

Kuna mahali pengine ambapo Mswahili atajiona yuko nyumbani. Sisi husema mbele yangu, nyuma yangu, kando yako, kana kwamba mbele na nyuma ni mali ya mtu. Wafini hivyohivyo: edessäni ni mbele yangu, takanani ni nyuma yangu, vieressäsi ni kando yako. Hata "na" ya kuwa pamoja, kanssani, pamoja nami. Mielestäni ni "kwa maoni yangu", neno kwa neno ni kutoka akilini mwangu, na tietääkseni ni "kwa ninavyojua". Haya yapokee mazima mazima bila kuyapasua, yatakusaidia kila siku.

Kuna kiishio kimoja ambacho kwenye nomino hakikubali kuishi bila umiliki, kile cha "akiwa na" au "pamoja na": Pekka tuli lapsineen, Pekka alikuja na wanawe. Minä tulin lapsineni, nilikuja na wanangu. Na kina ajabu yake, hakitofautishi mmoja na wengi, umbo ni lilelile, vaimoineen ni pamoja na mkewe na ingeweza pia kuwa pamoja na wakeze, sarufi haiulizi.

Kwa hiyo siku ukikutana na neno refu usilolijua, anzia mkiani. Chukua ystävillennekin. Toa -kin, hata au pia. Toa -nne, yenu. Imebaki ystäville, lle ni "kwa" na ile i ni wingi. Ystävä, rafiki. Kwa marafiki zenu pia. Wakati mwingine kwenye kupasua utakuta pengo, kama lapsenne, pengo hilo usiliogope, soma neno linalofuata na lililotangulia uone nani kabeba -n au -t.

Ile wikiendi tulikaa mezani na mama watoto, kalamu nyeusi ile isiyofutika, tukaandika jina kwenye glavu, kofia, suruali ya mvua, hadi soksi. Jumatatu asubuhi nikabandika kikaratasi chini ya kile cha mwalimu, Lapsemme vaatteet on nimikoitu, nguo za mtoto wetu zimeshaandikwa jina.